Mume wangu ataka tuuze uwanja wa marehemu baba, tukajenge Lokichar

Shikamoo Bi Somo,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na baba yao yuko njiani na trela, nadhani saa hizi kashapita Mtito Andei. Nina miaka thelathini na nne, naishi Mtongwe kwenye uwanja wa marehemu baba yangu. Alfajiri nakaanga mahamri na viazi karai kwenye kibanda changu karibu na steji, na Ijumaa napika mkate wa sinia wa oda. Chakula hakinishindi, Bi Somo. Kinachonikosesha usingizi ni ardhi.

Baba alifariki 2021. Aliacha nusu ekari, nyumba ya mawe, minazi saba na kisima. Hati iko kwa jina lake, mama ameifungia ndani ya sanduku la nguo. Tumezaliwa watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyeolewa Kisauni. Hitima ikapita, arubaini ikapita, na mpaka leo hakuna aliyefungua mdomo juu ya mirathi. Mama analala chumba chake kile kile. Mimi na mume wangu tuko nyuma, kwenye vyumba viwili alivyovijenga mwenyewe wakati alipokuwa na pesa.

Pesa hizo zilitoka kwenye mafuta ya Turkana. Alikuwa mmoja wa madereva waliokuwa wakipakia mafuta ghafi Lokichar na kuyashusha Changamwe, kwenye matangi ya kile kiwanda cha zamani cha kusafishia mafuta. Ilikuwa 2018 na 2019. Alilipwa vizuri na kwa wakati, jambo ambalo mke wa dereva halioni kila siku. Aliniletea kigoda cha Kiturkana, kile ambacho wazee wao hukitumia kama mto wa kichwa, kiko juu ya kabati hadi sasa. Na hadithi! Kwamba Lokichar ilikuwa vibanda na mbuzi, mara mafuta yakaonekana, magari ya Landcruiser yakajaa barabarani, malojingi yakaota kama uyoga, na mwenye chumba cha mabati akawa anapangisha kwa bei ambayo sisi hapa hatuipati kwa vyumba vitatu.

Kisha 2020 kazi ikafa. Nayo ya makontena ilikuwa imeshadorora tangu mizigo ilipopelekwa kwenye reli. Sasa anaendesha trela za watu, analipwa kwa safari, na kuna mwezi anakaa yadi wiki tatu akisubiri mzigo.

Tangu asikie kwamba ile kampuni ya mafuta imeuza na mwingine ameshika, mume wangu amebadilika. Usiku anatazama video za Marekani kwenye simu, za wakulima ambao mtambo umechimbwa katikati ya shamba la mahindi na wao wanapokea hundi kila mwezi bila kushika jembe. Anataka tuuze nusu ekari. Dalali ametaja milioni nne. Tununue ploti nne Lokichar karibu na barabara, tujenge vyumba ishirini vya kupangisha kabla watu hawajafika. Na anasema mafuta yakionekana chini ya ploti yetu, basi ni yetu.

Ana karatasi tayari. Alinionyesha mara moja, harakaharaka: ploti nne za hamsini kwa mia, sahihi ya mzee fulani, na muhuri. Nilichowahi kusoma ni tarehe tu, ya mwezi wa Machi. Baadaye akairudisha kwenye mkoba wa karatasi za gari.

Kaka yangu alikubali siku hiyo hiyo, anataka tuktuk mbili. Mdogo wangu anasema mtakaloamua ni sawa. Mama alisema, "Mimi mzee, amueni nyinyi." Ila tangu siku hiyo anafagia uwanja mara mbili kwa siku.

Nikikataa, mume wangu anasema simheshimu kwa sababu anakaa ukweni. Kwao ni Voi na huko, anasema, mwanamume wa kukaa ukweni anachekwa. Si mtu mbaya, Bi Somo. Hanywi, hanipigi, miraa ni ya safarini tu. Mwezi huo wa Machi trela ilipopasuka magurudumu akaniomba nimsaidie, nikamkopea elfu themanini kwenye chama na bado nalipa kidogo kidogo, sikulalamika.

Je, mimi ndiye ninayeizuia bahati yetu?

Mama Wawili, Mtongwe


Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu ndani yake, mama yako. Nimempata kwenye mistari miwili, na ufagio mkononi. Mwanamke wa makamo yake akiambiwa nyumba aliyoingia akiwa bi arusi inauzwa, kisha akasema "amueni nyinyi", usilichukue hilo kuwa ni ruhusa. Huyo ameona wakubwa wa nyumba wamekwisha amua na yeye amebaki na uwanja wa kufagia. Nitarudi kwake.

Kwanza hesabu, maana naona nyumba nzima mnahesabu pesa za mtu ambaye mali yake bado haijagawiwa. Baba yako alikuwa Mwislamu, na mirathi yake ina vipimo. Nachukulia kwamba wazazi wake walikuwa wametangulia. Mjane mwenye watoto ana thumuni, fungu moja kwa nane. Kinachobaki kinagawiwa watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja moja. Sasa chukua hiyo milioni nne ya dalali, tuseme ni kweli na italipwa yote, bila kutoa gharama wala kodi. Mama yako laki tano. Kaka yako milioni moja na laki saba na nusu. Wewe na mdogo wako kila mmoja laki nane na elfu sabini na tano. Hiyo ndiyo pesa yako. Mumeo anajenga vyumba ishirini kichwani kwa milioni nne, na katika milioni nne hizo yeye hana hata shilingi, na wewe huna hata robo. Ukitaka kuipima kwa ardhi, fungu lako kwenye nusu ekari ni karibu ploti moja ya hamsini kwa mia, na hata hiyo haitimii.

Umeona sasa kwa nini kaka yako alikubali siku hiyo hiyo?

Halafu, hakuna wa kuuza. Hati iko kwa jina la marehemu, na marehemu hatii sahihi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inasema mtu asiyekuwa na idhini ya mahakama akiishika mali ya marehemu, akaiuza au akaigawa, ametenda kosa. Haijali kwamba ni mwanawe. Dalali anayewaambia "hayo tutayapanga na wakili" anajua vizuri anachokifanya: anamtafuta mnunuzi wa kununua uwanja wenye tatizo kwa bei ya tatizo, atachukua kamisheni yake kwenye malipo ya kwanza, na nyinyi mtabaki mahakamani, ndugu wa tumbo moja mkitazamana kwa pembe za macho. Nimewaona wengi. Ukipita kortini asubuhi, wale waliokaa kwenye mabenchi na mafaili ya plastiki mapajani, nusu yao wana jina moja la ukoo.

Kwa hiyo jambo la mwanzo, kabla ya Lokichar, kabla ya tuktuk, ni mirathi. Cheti cha kifo, ile hati ya sandukuni, vitambulisho vya warithi wote wanne, barua ya chifu inayowataja, na mwende mahakama ya kadhi hapo Mombasa. Fanyeni na sachi ya hati kwenye ofisi ya ardhi mjue kama kuna mtu ameshaiwekea pingamizi au mkopo. Na vile vyumba viwili alivyojenga mumeo, visemwe mapema, viandikwe kwamba ni jasho lake, na warithi wote waweke sahihi. Nakwambia hivyo kwa ajili yake. Mwanamume anayeogopa kwamba hana chake mahali anapolala atataka kupauza.

Sasa hiyo karatasi ya Machi.

Umeandika mambo mawili ukayaacha mbalimbali, moja katikati ya barua na jingine mwishoni kabisa, kama vile hayajuani. Karatasi ina tarehe ya Machi. Magurudumu yalipasuka Machi. Simtuhumu mumeo, huenda magurudumu yalipasuka kweli, barabara zetu nazijua. Ila sijapata kuona mzee wala broka, wa bara wala wa pwani, anayetoa karatasi ya ploti nne yenye muhuri kwa mtu ambaye hajatoa kitu. Kuna pesa iliyotangulia. Ndiyo maana karatasi inaonyeshwa harakaharaka, na ndiyo maana kukataa kwako kunageuzwa kuwa habari ya heshima. Mtu aliyekwisha weka elfu themanini mahali hawezi tena kusikiliza kama mtu ambaye hajaweka.

Muulize, lakini usimuulize mbele ya mama wala mbele ya watoto, wala siku anayotoka safari na macho mekundu. Mwache alale, ale, aoge. Kisha umwambie hivi: "Kama umetoa kitu, niambie ni kiasi gani, maana deni ni letu sote." Tumia neno hilo, deni. Usitaje uongo, hata kama unauona. Akikuambia, umeshapata nusu ya mume wako. Nusu ya pili itakuja taratibu.

Na karatasi yenyewe ikoje? Nitakueleza kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wa Mombasa wanapoliwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ardhi ya jamii. Katiba ya 2010 inaitambua kwa jina hilo, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ile ambayo bado haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kama amana ya wenyewe. Kaunti yenyewe haina ruhusa ya kuiuza. Na ikishasajiliwa, jamii haiwezi kuitoa mpaka theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa wakubali. Sasa mzee mmoja na muhuri wake amepata wapi nguvu ambayo kaunti haina? Ni kweli, kwenye vituo vya biashara kama Lokichar kuna ploti watu waligawiwa kwa barua, na zipo halali. Lakini barua ya mgao haijawa hati. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 2023, kwamba barua peke yake haimpi mtu umiliki wa kuuza wala kununua. Kama mumeo anaiamini karatasi yake, basi safari ijayo ya kaskazini ateremke Lodwar, aende ofisi ya ardhi ya kaunti, aiweke mezani aulize: hii mnaijua? Swali hilo halina gharama zaidi ya chai.

Kuhusu mafuta yaliyo chini, mwambie azime simu kidogo. Marekani na Kenya haziko sawa hapo. Kule kwao mtu binafsi anaweza kumiliki kilicho chini ya ardhi, ndiyo maana mkulima anapokea hundi. Na hata huko, haki ya juu na haki ya chini zinaweza kuwa mikononi mwa watu wawili. Babu aliuza ya chini zamani za njaa, mjukuu leo anaona mtambo unachimba kwenye shamba lake, vumbi linamwingia jikoni, na hundi inakwenda kwa mtu asiyemjua. Video za namna hiyo hazitazamwi sana, naona. Hapa kwetu Katiba, ibara ya 62, inasema mafuta ni mali ya umma, yako mikononi mwa serikali kuu kwa niaba yetu sote. Ukichimba kisima hapo Mtongwe ukakuta mafuta, utafukuzwa kisimani. Kilichoandikwa kwenye Sheria ya Petroli ya 2019 ni kwamba katika fungu la serikali, kaunti inapata asilimia 20 na jamii ya pale asilimia 5, na hiyo tano inaingia kwenye mfuko wa amana wa jamii. Jamii ya pale, mwanangu. Haikusema dereva wa Mombasa mwenye ploti nne.

Na kwa kuwa amezipenda sana video za Marekani, kuna mji unaitwa Williston, North Dakota, baridi kama friji ya samaki. Mwaka 2010 ulikuwa na watu wapatao 14,700. Kufika 2020 walikuwa wamepita 29,000. Katikati hapo wanaume walilala ndani ya magari kwa kukosa vyumba, na 2014 kodi ya nyumba ndogo pale ilitajwa kuwa juu kuliko ya New York. Waliokuwa na nyumba tangu zamani walikula. Lakini nao, wale wazee wenyeji waliokuwa wapangaji wakaondoshwa kwa sababu kodi iliwashinda. Kisha pipa la mafuta lililokuwa zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 likashuka, na kufika mwanzo wa 2016 likawa chini ya dola 30. Waliojenga mwishoni kwa mkopo ndio walioliona joto la jiwe, hata kwenye theluji ile.

Lokichar mumeo hahitaji kusimuliwa na mimi, ameilala. Ila kumbukumbu yake ina mashimo, tuyazibe. Mafuta ya kisima cha Ngamia 1 yalitangazwa Machi 2012. Oktoba 2013 wenyeji waliandamana kwa sababu ya kazi na tenda hadi kampuni ikasimamisha shughuli. Baadaye bei ya dunia ikaanguka, wageni wakapungua. Juni 2018 malori yakaanza kuondoka kwa shangwe, na mwezi ule ule wananchi wakayazuia barabarani wakidai usalama na haki yao, yakakaa mpaka Agosti. Muulize alikuwa wapi Julai 2018 na alilipwa kwa safari ngapi mwezi huo. Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka hapa hapa Mombasa na yale mafuta, sherehe kubwa. Mwaka uliofuata kazi ikafungwa. Bomba la kwenda Lamu, la zaidi ya kilomita 800, halikujengwa. Mwaka 2025 Tullow, ile kampuni iliyoyapata mafuta, ikaiuzia kampuni ya Gulf Energy mali zake za Kenya, na hiyo ndiyo habari iliyomtoa mumeo usingizini. Huenda safari hii yakatoka kweli. Mimi siombi wenzetu wa Turkana wakose. Lakini hesabu tangu 2012 ni mara ngapi kituo kile kimejaa na kupwa, kama maji ya Kilindini, halafu uniambie mwenye vyumba ishirini alikula nini wakati maji yamekupwa.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kama Mpwani mwenzako. Sisi karatasi ya mgeni tunaijua. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati huku pwani, kila mwenye ardhi aje adai, na ambaye hakudai ardhi yake ikahesabiwa ya Mfalme wa Uingereza. Bibi zetu walikuwa wanapalilia mihogo, habari hawana. Mpaka leo Mombasa kuna watu wana nyumba juu ya ardhi ya mtu ambaye hawajapata kumwona uso. Tumelia miaka mia na zaidi. Sasa mumeo, mtu mwema, asiyekunywa, anataka kwenda Lokichar awe ndiye yule mgeni mwenye karatasi. Mama wa Kiturkana mwenye mbuzi wake atamwonaje? Waliozuia malori mwaka ule hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanafanya ambalo babu zetu hawakupata nafasi ya kulifanya.

Sasa nizungumze juu yake yeye, kwa maana naona ndiye anayeumwa.

Mumeo hatafuti mafuta. Anaitafuta ile 2018. Mwaka ule alikuwa na mshahara, alikuwa na hadithi, akirudi nyumbani watoto wanakimbilia trela, na akajenga vyumba viwili kwenye uwanja wa baba mkwe bila kumwomba mtu. Leo analala yadi wiki tatu akisubiri kuitwa, kisha anarudi kwenye nyumba ambayo mkewe ndiye anayelisha kwa mahamri. Ukimwambia "hapana" tu, unamfungia mlango wa mwisho aliobakiwa nao. Lazima umwonyeshe mwingine.

Na habari ya ukweni: sijui mila za Voi vizuri, sitazikejeli. Lakini mwambie ameoa Uswahilini. Huko Lamu baba mwenye uwezo alikuwa akimjengea binti nyumba, mume anahamia na nguo zake, na wala hakuna aliyecheka. Baba yako hakumfukuza, alimwacha ajenge. Huo ni ukaribisho. Kwa hiyo aibu anayoisikia ni ya Voi, na Voi ni mbali.

Huo mlango mwingine uko wapi? Ndipo ninapocheka kidogo, samahani. Mnataka kuuza uwanja Mtongwe ili mkatafute mahali ambapo wafanyakazi watakuja kutafuta vyumba. Barabara ya Dongo Kundu imeshaunganisha Miritini na upande wa Kwale bila kupanda feri. Eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu limetengewa kama ekari 3,000, jirani yenu. Dalali hajaja kwenu kwa kuipenda minazi yenu saba. Kuna mtu nyuma yake anayefanya mahesabu yale yale ya mumeo, tofauti ni kwamba yeye anayafanya juu ya ardhi yenu.

Lakini nisije nikakuuzia ndoto mimi nami. Dongo Kundu nayo imesemwa miaka mingi, na ahadi za viwanda tumezizoea kama kelele za feri. Usijenge kwa mkopo kwa sababu ya ahadi. Tena hakikisheni kwenye ofisi ya ardhi kama uwanja wenu hauko ndani ya mipaka ya mradi wowote, maana serikali ikiitwaa, fidia inalipwa kwa mwenye jina kwenye hati, na kama mwenye jina amelala kaburini, pesa zinakwama hadi warithi walete karatasi za mahakama. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda kwa kadhi mwezi huu, msingoje mwaka kesho. Na pesa ya mkupuo nayo ni mtihani. Nina jamaa yangu upande wa Miritini, wakati wa fidia za reli na barabara alilipwa vizuri. Alinunua Probox mbili, akaoa, akatoa sadaka msikitini watu wakamwombea dua. Leo amepanga chumba kimoja Mikindani na Probox moja iko juu ya mawe. Ni mtu mwerevu, tena kuliko mimi kwa hesabu.

Mirathi ikitoka, ukiwa na fungu lako kwa jina lako, kaeni wawili mzungumze. Mali hiyo ni yako, dini haimpi mume haki juu yake, lakini ndoa si mahakama. Kwa mfano, vile vyumba viwili vya nyuma vikiongezwa vya tatu na nne pole pole, tofali kwa tofali, yeye akiwa msimamizi na daftari la kodi likiwa mkononi mwake, hiyo ni kazi ya mwanamume, na anaiweza kwa sababu ameshajenga hapo kabla. Elfu themanini zilizokwenda zimekwenda. Akizipata sawa, asipozipata mtazilipa kwenye chama kama mnavyozilipa sasa, ila angalau mtakuwa wawili mnaojua mnalipa nini.

Kaka yako mpigie simu wewe mwenyewe. Mwambie fungu lake litapimwa na hakuna atakayelipunja, na akitaka kuliuza baadaye awaulize nyinyi kwanza kabla ya kumwita dalali. Tuktuk anaweza kuipata kwa njia nyingine, vijana wa Likoni wanazichukua kwa mkataba na kulipa kila wiki. Mdogo wako wa Kisauni naye aache kusema "mtakaloamua ni sawa". Yeye ni mrithi, atahitajika kutia sahihi, basi aje na mawazo pia.

Mwanzo wa yote, kesho asubuhi ukishamaliza mahamri, mchukulie mama yako kikombe cha kahawa ukamkute pale pale uwanjani. Mtoe ufagio mkononi, mkae chini ya mnazi, umuulize yeye anataka kulala wapi siku zake zilizobaki. Katika barua yako yote sikuona mahali ambapo mtu amemuuliza.